Fulana za Mzee Tokizo

Tokyo, 12 Mei

Kaka Eijun,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kichwa chako cha kuhani kimenyolewa vizuri, na kwamba goti la Mama halijaanza ule ugomvi wake wa kila msimu wa mvua. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na nafanya kazi na watu ambao sidhani kama bahari imewahi kuwafika juu ya vifundo vya miguu.

Umeandika kwamba sikuja kwenye ibada ya mwaka wa tatu ya Baba, na kwamba watu waliuliza. Nawajua waliouliza. Ni wale wale waliomcheka Baba aliponipeleka chuo kikuu.

Siku hiyo nilikuwa naandika ripoti juu ya ghuba yetu. Hujawahi kuniuliza ninafanya nini hapa, kwa hiyo nitakueleza kwa maneno ambayo hata mtu aliyefeli hesabu mara mbili atayaelewa. Meli ya Mzee Tokizo, mpiga chusa wenu, ikileta nyangumi machinjioni hapo Isonoura, kuna mtu anajaza fomu: dume au jike, urefu wake, ana mimba au hana. Fomu zinakuja kwangu. Majike wenye mimba wakionekana wengi, ghuba inafungwa. Katika misimu miwili iliyopita mmeua majike sabini na wanne, na mwenye mimba hakuna hata mmoja. Sifuri. Mtu mwingine angeiona sifuri hiyo akapita. Mimi niliikalia mwaka mzima. Niliandika kurasa kumi na tisa kuonyesha kwamba ghuba yetu ni mahali pa majike wachanga ambao hawajaanza kuzaa, na kwamba wazazi wako mbali kaskazini. Andiko hilo ndilo lililonipandisha cheo hapa. Mwezi wa Agosti linakwenda mbele ya kamati, na kwa sababu yake kamati itaongeza idadi ya nyangumi mnaoruhusiwa kuua. Waambie hao waliouliza kwamba binti wa hekalu alikuwa anawatafutia kazi.

Usidhani nawafanyia kwa mapenzi. Kamati yenyewe ni wazee tisa wanaosinzia kwa zamu. Wiki iliyopita walituandalia chakula cha kuienzi mila ya taifa, nyangumi mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, mwekundu kama ulimi. Niliwahesabu waliomaliza sahani. Tulikuwa wawili, na mimi nilimaliza kwa hasira tu. Mkubwa wangu, Bwana Wakisaka, ambaye hotuba yake juu ya mila ilichukua dakika arobaini, alivificha vya kwake chini ya jani la pambo. Nje mlangoni walikuwepo wale wageni wapinga uwindaji, na mabango yao. Mmoja alijivika nyangumi wa plastiki, jasho linamtiririka, akiwalilia dada zake wa baharini. Ndani kuna watu wanaopigania haki ya kula wasichokula, nje kuna watu wanaomlilia mnyama ambaye hawawezi kutofautisha jike na dume lake. Katikati niko mimi na fomu zangu, na nakuhakikishia ni mahali pasafi kuliko pande zote mbili.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Kozue


Isonoura, 3 Juni

Mdogo wangu Kozue,

Mvua zimeanza, na goti la Mama limeanza nazo. Anakusalimu na anauliza kama unakula wali au unakula karatasi. Kichwa changu hakijambo, asante, kinang'aa kuliko jambo lolote ulilowahi kuandika. Na hesabu nilifeli mara tatu, si mbili. Mtu wa takwimu unakoseaje kitu kidogo hivyo?

Barua yako nilimsomea Mama, nikaruka pale unapowatukana watu, kwa hiyo ikawa barua fupi sana.

Mahali pasafi, unasema. Nakuonea huruma. Umekaa na fomu mpaka umesahau kwamba kinachoandikwa humo kilikuwa na damu. Hao wageni wenye mabango wapo na huku, wamepanga chumba juu ya duka la chambo na wanalalamika kwamba kunanuka. Mmoja aliniuliza kwa Kijapani cha kitabuni kama dini yangu hainikatazi kukaa na wauaji. Nilimjibu kwamba dini yangu inanitaka nikae nao kabisa, maana asiyeua ananihitaji kwa lipi? Hakuelewa. Aliandika kitu kwenye simu.

Ningependa aje asubuhi moja amwone Mzee Tokizo akipanda ngazi za hekalu. Unaikumbuka ile desturi ya kumzika mtoto aliyekutwa tumboni mwa nyangumi. Mpiga chusa anavua fulana aliyovaa siku hiyo, ile iliyogusa mwili wake, anamfunga nayo mtoto, anamleta hapa yeye mwenyewe kwa mikono yake, halafu anashuka kifua wazi chini ya koti. Mimi nampa mtoto jina la wafu, naliandika kwenye daftari, namzika upande wa bahari. Baba alikuwa na wawili kwa mwaka, na ipo miaka hakuwa na hata mmoja. Mimi tangu Aprili nimeshazika saba. Mke wa Mzee Tokizo alinisimamisha sokoni akaniambia, kuhani, zungumza na huyo mzee, fulana zinaisha, mwishowe atakwenda baharini amevaa blauzi yangu. Tulicheka mpaka muuza tofu akatoka kutazama.

Kwa hiyo ukae na sifuri yako. Sisi huku tusiosoma tunawapa majina.

Kaka yako,
Eijun


Tokyo, 8 Juni

Kaka mpendwa,

Hujambo? Mama hajambo? Huku mvua inanyesha pia, na nimelikumbuka paa la hekalu linavyovuja juu ya ngoma kubwa. Sijui kama mlishaliziba.

Barua yako imenigusa. Nakiri nilikuwa mkali katika ile yangu. Nimekaa mbali muda mrefu, na kweli nilidhani daftari lile lilishalala na vumbi lake. Lilikuwa sehemu ya mambo ya nyumbani niliyoyafungia mlango, pamoja na harufu ya udi kwenye sare yangu ya shule.

Nina ombi. Kwa ajili ya kumbukumbu ya Baba, ningependa kuwa na majina hayo hapa kwangu. Yote uliyoandika tangu uliposhika brashi yake, pamoja na tarehe, kama si usumbufu. Baba alikuwa akisema jina bila siku yake halisomeki kwenye ibada. Ningependa kuyasoma.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Kozue


Isonoura, 20 Juni

Mdogo wangu,

Sote wazima. Paa linavuja vile vile, ila tumeisogeza ngoma, na sasa inamvujia Buddha mwenyewe na hajalalamika.

Barua yako nimeisoma mara mbili kutafuta tusi lilipofichwa. Sikuliona. Mama amesema labda unaumwa, na amekufungia plamu za chumvi, zimo kwenye kifurushi hiki. Mimi nimesema labda umekua.

Majina yamo kwenye karatasi ndefu. Nimeyanakili kwa brashi siku tatu, maana kalamu ingekuwa dharau. Wa misimu yangu miwili ya kwanza ni thelathini na mmoja, na wale saba wa mwaka huu sasa wamekuwa tisa. Jumla arobaini, kama hesabu yangu ya mtu aliyefeli mara tatu inakubalika kwenu. Namba saba, Pumzi Iliyongoja, alikuwa na urefu wa kiganja changu. Namba kumi na tisa, Theluji ya Mei, tulimzika ikianguka theluji ambayo haikutarajiwa na mtu. Huyo wa ishirini na nne anaitwa Mgeni wa Mlango wa Pili, na nilijivunia sana jina lile. Mzee Tokizo aliniomba nilirudie ili alishike.

Nitakueleza jambo moja uone watu wako ni watu gani. Siku ya huyo wa ishirini na nne nilimuuliza Mzee Tokizo, kwa mzaha tu, kama huko machinjioni nako wanamwandika mtoto. Alikuwa anafunga vifungo vya koti. Akasema, "Fomu ni ya serikali, kuhani, na serikali haifi. Huyu amekufa." Akashuka ngazi. Baba angempenda mtu kama huyo zaidi ya maprofesa wako wote.

Yasome vizuri. Anza na ubani, hata kama ni wa dukani.

Kaka yako,
Eijun


Tokyo, 2 Septemba

Kaka,

Natumaini Mama ni mzima. Plamu zilifika, na kila moja niliila kama mwizi.

Nataka ulisikie hili kutoka kwangu, ingawa nadhani nimechelewa.

Sikuyasoma majina kwa ubani. Niliiweka karatasi yako mkono wa kushoto na fomu mkono wa kulia. Tarehe zilikaa juu ya tarehe. Siku uliyomzika Pumzi Iliyongoja, machinjio yaliandika jike mmoja, mita saba na nusu, hana mimba. Siku ya Theluji ya Mei, jike mmoja, hana mimba. Thelathini na mmoja kati ya sabini na wanne, Kaka. Hawakuwa wachanga. Walikuwa wazazi. Sifuri niliyoikalia mwaka mzima na kuitafutia sababu kwenye joto la maji, kwenye dagaa, kwenye mwendo wa mikondo, ilikuwa ni mtu mmoja machinjioni aliyeambiwa na mkubwa wake asitie alama kwenye kisanduku cha mimba. Kurasa kumi na tisa. Nimezisoma tena na sijawahi kumdharau mwandishi yeyote kama nilivyomdharau huyo. Alizaliwa mita mia mbili kutoka kwenye lile kaburi na hakuwahi kuandika nyumbani kuuliza.

Niliandika ripoti upya. Niliiweka orodha yako nyuma yake, nikasimama mbele ya kamati, nikawasomea thelathini na moja, jina na tarehe. Nilipofika kwa Mgeni wa Mlango wa Pili, mzee mmoja aliuliza kama nyangumi hao nao huja kula nyumbani kwetu sikukuu ya wafu, roho zinaporudi. Walicheka. Ndipo nikajua wako macho. Bwana Wakisaka hakucheka, alikuwa mpole, na upole wake uliniudhi kuliko kicheko. Alisema anaiheshimu sana imani ya familia yangu, ila hiyo ni hati ya dini, siyo takwimu. Ameanza kusema mila ni uhai wa taifa tangu sijaingia pale, na siku mila ilipomletea ushahidi akaiambia irudi hekaluni.

Waliirudisha sifuri. Wameongeza nyangumi kumi na watano kwa ghuba yetu. Nilikataa kutia sahihi, wakaipokea bila sahihi yangu, wala haikuwapunguzia usingizi.

Nasikia mmoja wao aliwapigia simu watu wa machinjio kuwauliza, kwa adabu tu, daftari hilo ni la nani.

Najua nilikudanganya katika barua ya Juni. Sitajitetea.

Mdogo wako,
Kozue


Isonoura, 15 Septemba

Kozue,

Sikusalimii, na usiniulize afya ya mtu.

Barua yako ilifika siku sita baada ya mkuu wa machinjio kufika. Alikuja na wazee wa waumini, wakakaa ukumbini, Mama akawapa chai. Alitaka daftari lichomwe. Nilimwambia atangulie yeye motoni. Hayo ndiyo maneno pekee ya siku ile ninayoyaonea fahari, na hata hayo niliyasema kwa sababu nilikuwa naogopa. Wale wazee, ambao nimewazika baba zao, hawakunitazama. Mmoja alisema labda hekalu linahitaji kuhani asiye na dada.

Mzee Tokizo hakuingia ndani. Alisimama uani kwenye jua, kofia mkononi, mpaka wote walipoondoka. Nilitoka nikainama mbele yake mpaka nikaona vidole vyake vya miguu. Hakupaza sauti.

"Kuhani," alisema, "mimi nilikuletea watoto. Wewe umewapeleka wapi?"

Jibu unalo wewe? Wewe una majibu ya kurasa kumi na tisa.

Umewasomea wazee wanaosinzia, na wamecheka. Nilimpa mtoto yule jina Mgeni wa Mlango wa Pili nikiwa nimefunga siku nzima sijala, wewe ukaligeuza kuwa mzaha wa watu walioshiba. Unawadharau hao wageni wa plastiki? Wao angalau wanalia. Unamdharau Wakisaka? Yeye anaficha nyama chini ya jani. Wewe ulificha nini chini ya jina la Baba?

Tangu siku ile meli imerudi mara nane na majike. Hakuna aliyepanda ngazi. Nimeambiwa sasa tumbo linapasuliwa huko huko nje, kabla ya kuona nchi kavu, na kilichomo kinaachiwa maji. Bila nguo na bila jina. Kwa hiyo furahi, mtu wa takwimu. Sasa madaftari mawili yanakubaliana. Lako lina sifuri, na langu lina sifuri.

Eijun


Tokyo, 30 Novemba

Kaka,

Barua zangu mbili za Oktoba hazikujibiwa, na ile ya Septemba hukuitia sahihi kama kaka. Niliona. Hata hivyo naandika, kwa sababu Mama hajui kuninyamazia, na kadi yake imeniambia kwamba unakonda.

Baridi imeanza. Nimehamishiwa ghalani, chini ya ardhi, ambako kuna makabati ya mifupa ya masikio ya nyangumi yenye namba. Bwana Wakisaka alisema nitapumzika. Hapa hakuna anayesema uongo ila ni kwa sababu hakuna anayesema. Wakati mwingine nachukua mfupa mmoja mkononi, mzito kama jiwe la mtoni, nafikiri juu ya kilichosikiwa kwa mfupa huo, halafu najidharau kwa kufikiri kama mtu wa bango.

Nimejitafuta kwa muda mrefu katika jambo hili, na nimeona hivi. Sijutii kuhesabu. Watoto thelathini na mmoja walikuwepo, na mtu yeyote anayenitaka niseme hawakuwepo ili chai inyweke kwa amani ukumbini, namdharau, hata akiwa ni wewe. Ninachojutia ni kile kimstari cha "kwa ajili ya kumbukumbu ya Baba". Ningeweza kukuambia ukweli, nikakuomba. Sikufanya hivyo kwa sababu nilikuona mjinga, na mjinga haombwi, anachukuliwa.

Lakini na mimi nina swali, na unijibu kama mwanamume aliyefunga bila kula. Machinjio yako chini ya dirisha lako. Nusu ya mji wanajua ghuba inafungwa kwa sababu gani. Ulizika watoto thelathini na mmoja katika misimu miwili, Baba alizika wawili kwa mwaka, na ghuba haikufungwa hata siku moja. Ulicheka sokoni juu ya fulana. Kaka, wewe hukujua?

Nijibu hilo tu. Mengine niachie.

Mdogo wako,
Kozue


Isonoura, 29 Aprili

Mdogo wangu Kozue,

Natumaini umepita baridi salama. Mama ni mzima, goti lake limetulia kwa kuwa mvua bado. Mimi sijambo, na nywele zangu zilianza kuota Januari kwa uvivu, lakini nimezinyoa jana kwa sababu leo ilikuwa ibada ya nyangumi ya kila mwaka.

Umengoja jibu miezi mitano. Nilijua. Si tangu wa kwanza, labda tangu wa nne au wa tano. Nilijua fomu zinasemaje bila kuziona, kama unavyojua mtu amelewa kabla hajafungua mdomo. Nilijiambia kazi yangu ni wafu, na kwamba nikishawapa majina mazuri nimemaliza. Nilikuwa nayatunga kwa ustadi sana, Kozue. Kadiri walivyozidi ndivyo majina yalivyozidi kuwa mazuri. Hilo silisemi mbele ya mtu mwingine, na ukilisoma mbele ya kamati yoyote nitakuja huko kwa treni nikutie kofi.

Leo waliokuja walikuwa kumi na mmoja, mwaka jana walijaa mpaka nje. Mkuu wa machinjio alituma maua makubwa na hakuja. Wale wageni walisimama ng'ambo ya barabara, mabango wameyainamisha, na nilishindwa kuamua kama ni heshima au ni upepo.

Nilipofika katikati ya sala Mzee Tokizo aliingia. Hajakanyaga hapa tangu Septemba. Amevaa koti lake jeusi la mazishi, na mikononi amebeba furushi lililofungwa kwa kitambaa cha mkewe. Watu walimpisha. Aliliweka mbele ya madhabahu, akalifungua. Zilikuwa fulana. Zimefuliwa, zimekunjwa, nyingine zimetoboka kwapani. Mkewe alinieleza baadaye mlangoni kwamba kila siku mumewe alipomwachia mtoto maji, akirudi nyumbani aliivua fulana ya siku hiyo, akaiweka kando, na hakuivaa tena. Mke alidhani mzee amechanganyikiwa. Alimnunulia nyingine, naye akaendelea kuweka.

Nilimuuliza mzee anataka niziitaje. Alisema, "Wewe ndiye unayejua kuandika. Mimi nazijua kwa siku."

Tulikaa baada ya ibada, yeye na mimi. Aliigusa moja moja na kunitajia siku yake, nami nikaandika. Hakukosea hata moja, hakuna aliyekuwa amemwandikia. Nilipomaliza aliniuliza kama dada yangu atapata kuona. Nikasema hapana. Akasema kwamba hata hivyo dada yangu aliwahesabu sawa wale wa kwanza, na kwamba yeye alikuwa akingoja mtu awahesabu. Halafu akauliza kama kuna chai.

Tumezizika upande wa bahari. Daftari nimelifungia, ufunguo ninao shingoni.

Sitakuambia zilikuwa ngapi.

Kaka yako,
Eijun


Tokyo, 6 Mei

Kaka Eijun,

Salamu kwako, kwa Mama na goti lake, na kwa Mzee Tokizo na mkewe. Nazitoa zote kwa moyo, na sikumbuki mara ya mwisho niliandika salamu bila kuwaza namna ya kuzifupisha.

Sitauliza ngapi. Nimeketi na barua yako tangu jana, na mkono wangu umeandika swali hilo mara mbili pembeni ya karatasi, nikaikata pembe kwa mkasi. Ndiyo maana karatasi hii imekosa pembe.

Wakisaka ametoa kitabu kidogo chenye jalada la kijani kuhusu ghuba yetu. Sifuri yangu imo, ukurasa wa tatu, pamoja na kurasa zangu kumi na tisa zilizofupishwa kuwa mbili. Ameandika vizuri kuliko mimi. Nilikisoma nimesimama, nikakirudisha rafuni, na kwa mara ya kwanza dharau haikuja, ingawa niliingoja.

Ndani ya kifurushi hiki kuna shati jeupe la kike. Ni lile nililovaa siku nilipowasomea kamati majina. Sijalivaa tena tangu siku ile, na sikujua ni kwa nini mpaka barua yako ilipofika. Nimelifua kwa mkono. Kifungo cha pili kimelegea.

Lizike pamoja na zile nyingine, kama Mzee Tokizo anaridhia. Akiuliza ni la nani, mwambie ni la mpiga chusa mwingine.

Mdogo wako,
Kozue